Kozi ya uigizaji ya wiki kumi kwa mtu mzima anayeanza: inafaa kulipiwa?

Kozi za msingi za uigizaji kwa watu wazima zinafanana kuliko matangazo yake yanavyodai. Nyingi ni za jioni, kipindi kimoja kwa wiki, saa mbili au tatu kila kipindi, kwa wiki nane hadi kumi na mbili. Wanafunzi ni watu wenye kazi zao, wengi hawajasimama mbele ya hadhira tangu walipomaliza shule. Hapa tunaipima kozi ya aina hiyo, ile ya wiki kumi, pamoja na mbadala zake zinazouzwa sana: masomo ya video yaliyorekodiwa, darasa la moja kwa moja kwa intaneti, na mwalimu binafsi.

Hukumu yetu kwanza. Kozi ya ana kwa ana yenye watu wasiozidi 12, inayokusimamisha mbele ya mwenzako kila wiki, inastahili nyota nne kati ya tano. Kozi hiyohiyo, mwalimu yuleyule, ikiwa na watu 20, tunaipa nyota mbili. Sababu ni hesabu ya dakika.

Kipindi cha saa mbili kina dakika 120. Toa 20 za kupasha mwili na sauti, toa 10 za kuingia, kuvua viatu na kusikiliza matangazo. Zimebaki 90. Darasa la watu 10 lina jozi 5, kwa hiyo kila jozi inapata dakika 18 za kufanya zoezi na kusahihishwa. Darasa la watu 20 lina jozi 10, kila jozi dakika 9, na sehemu yake inaliwa na kupanga viti. Kwa wiki kumi, wa kwanza amefanya kazi saa tatu, wa pili saa moja na nusu. Basi ada unayotozwa igawe kwa saa hizo, usiigawe kwa saa 20 zilizoandikwa kwenye tangazo. Kutazama wenzako nako kunafundisha, tena sana, ila hakuna aliyewahi kujua kuogelea kwa kukaa kando ya bwawa. Baadhi ya walimu hupunguza tatizo hili kwa kuziweka jozi zote kazini kwa pamoja huku wao wakizunguka. Kwa zoezi la kusikilizana njia hiyo inafaa. Kwa onyesho lenye maneno ya kukariri haifai, kwa sababu makosa mengi ya anayeanza hayaonekani naye mwenyewe, na mwalimu akiwa pembe nyingine ya chumba hayaonekani na yeyote.

Pumzi na sauti

Wiki mbili za kwanza huwa za mwili, pumzi na usikivu. Wanafunzi wengi hudhani kulala chali sakafuni ni kujaza muda. Wanakosea. Mtu anayeshinda kwenye kiti kutwa nzima hupumua kwa kifua cha juu, na mabega yake hupanda kila anapovuta hewa. Akitakiwa kusikika mbali, hukaza shingo na kusukuma sauti kwa koo. Haichukui muda koo linawasha na sauti inakwaruza. Ukilala chali, magoti juu, nyayo sakafuni, kitabu chembamba chini ya kichwa, mabega hayana pa kupanda na tumbo linaanza kuinuka na kushuka lenyewe. Hapo ndipo kazi inapoanza: toa hewa kwa "sss" laini isiyotetereka kwa sekunde 15, baadaye 20, kisha vuma "mmm" mpaka midomo itekenyeke, kisha hesabu moja hadi kumi kwa pumzi moja bila kukaza tumbo kwenye namba za mwisho. Kazi hiyohiyo irudiwe ukiwa umekaa, halafu umesimama. Mwalimu anayekutoa sakafuni akakusimamisha moja kwa moja anakupotezea ulichopata, maana mwili ukisimama unarudia mazoea yake. Hatua ya kukaa ndiyo inayobeba pumzi ile mpya hadi juu.

Kosa la pili la sauti ni kumeza mwisho wa sentensi. Katika Kiswahili habari nzito mara nyingi hukaa kwenye neno la mwisho: "Nimekuja kukuambia naondoka." Anayeanza huingia kwa nguvu, pumzi inamwishia kwenye "kukuambia", na "naondoka" inaangukia mapajani mwake. Kupaza sauti hakutibu hilo. Dawa ni kuvuta pumzi kabla ya wazo, na kulifikisha wazo lote kwa yule anayeambiwa. Walimu wazuri hutumia mpira mdogo: sema sentensi, mrushie mwenzako mpira kwenye neno la mwisho. Mpira ukitoka mkononi mapema, darasa zima linaona sentensi ilipofia.

Dakika 20 za kupasha zinatosha. Kozi inayotumia dakika 45 kila kipindi kuzunguka chumba huku muziki ukipigwa inakula muda wako, hata kama unatoka umechangamka.

Zoezi linaloonyesha kama mwalimu anajua kazi yake

Ukihudhuria kipindi kimoja cha majaribio kabla ya kulipa, na tunakusihi ufanye hivyo, omba kiwe kipindi chenye zoezi la kurudiarudia. Zoezi hili ni la Sanford Meisner, aliyefundisha kwa miaka mingi katika shule ya uigizaji ya Neighborhood Playhouse mjini New York, na leo liko kwenye kozi nyingi hata zisizomtaja. Kwa nje linaonekana la kitoto. Watu wawili wanakaa wakitazamana. Mmoja anataja kitu anachokiona kwa mwenzake: "Una shati la bluu." Mwenzake anarudia kwa upande wake: "Nina shati la bluu." "Una shati la bluu." "Nina shati la bluu." Wanaendelea hivyo hivyo, maneno hayabadiliki, hadi kitu cha kweli kibadilike kati yao. Mmoja anatazama pembeni. Aliyekiona anakitaja: "Umetazama pembeni." "Nimetazama pembeni." Raundi moja, dakika tatu hadi tano.

Sababu ya zoezi ni hii. Mtu mzima akisimama mbele ya watu, macho yake yanageukia ndani: nimesimamaje, mikono niiweke wapi, sauti yangu inasikikaje, wananionaje. Kumwambia "tulia, usijali" hakusaidii, maana sasa anajitazama kama ametulia. Ukimpa kazi ya kumtazama mwenzake kwa makini, na maneno yakawa mepesi kiasi kwamba hayahitaji kufikiriwa, umakini wake unahamia nje. Akijisahau kwa sekunde kumi, mikono inajua yenyewe pa kukaa.

Linaharibika kwa njia zinazojulikana. Ya kwanza ni kubadilisha kiimbo kwa makusudi: mara sauti ya kuuliza, mara ya kushangaa, mara ya kunong'ona, ili zoezi "lisichoshe". Mwanafunzi huyo amerudi kujitazama. Anapamba sentensi badala ya kusikia. Ya pili ni kuchekesha darasa. Ya tatu ni kuruka kutoka kwenye kuona hadi kwenye kuhukumu: "Unanidharau," wakati kilichoonekana ni nyusi iliyoinuka. Kusoma nia ya mwenzako ni hatua ya baadaye; wiki za mwanzo taja jicho linavyoona, basi. Ya nne, na kwa watu wazima hii ndiyo ngumu kuliko zote, ni adabu. Tumelelewa tusimwambie mtu "unatetemeka" usoni. Mwanafunzi anaona kabisa, anameza, anaendelea na shati la bluu. Zoezi linakufa hapo hapo, na ukikaa pembeni unausikia uhai ukitoka.

Sikiliza mwalimu anavyosahihisha kosa hilo la mwisho. Mwalimu dhaifu atasema, "Ongeza hisia." Mwalimu anayejua atasimamisha zoezi aulize, "Umeona nini sasa hivi?" Mwanafunzi atajibu, "Alikaza taya." "Mbona hukusema?" Kimya. "Anza tena, na ukiona, sema." Sahihisho la namna hiyo linagusa kitu ambacho mwanafunzi anaweza kukirekebisha sekunde ileile. "Ongeza hisia" halimpi pa kushika. Atakunja uso na kupaza sauti, na kosa litakuwa limeongezeka.

Kuna kozi zinazokaa kwenye zoezi hili wiki zote kumi. Hatuzipendekezi kwa anayeanza. Ndani ya mafunzo ya miaka miwili, ambamo Meisner alilijenga, linapanda ngazi kwa ngazi hadi kwenye maandishi. Kwa wiki kumi peke yake linakuacha ukijua kusikiliza bila kujua kusoma skripti. Wiki tatu au nne zinakutosha kuondoka na kitu.

Kuyafanyia kazi maandishi

Kuanzia wiki ya nne au ya tano unapaswa kukabidhiwa maneno. Onyesho la kwanza lisizidi ukurasa mmoja, na afadhali liwe tupu, yaani maneno yasiyosema ni nani wanaoongea wala wako wapi:

"Umerudi."
"Nimerudi."
"Umekula?"
"Bado."
"Kaa basi."
"Sikai."

Sentensi sita. Wape jozi mbili hali tofauti, moja mume na mke baada ya fedha ya ada kupotea, nyingine dada na kaka usiku wa kurudi hospitali, na utapata maonyesho mawili yasiyofanana hata kidogo. Mwanafunzi anajifunza hapo kwamba maneno ni sehemu ndogo ya kinachoendelea. Ukiona kozi inaanza wiki ya kwanza na hotuba ndefu ya kusikitisha kutoka tamthilia maarufu, ujue itafundisha kukariri na kulia.

Maswali ya kujibu kabla ya kufungua kinywa hayajabadilika sana tangu Konstantin Stanislavski, mwigizaji na mwongozaji wa Urusi aliyeanzisha pamoja na Vladimir Nemirovich-Danchenko jumba la tamthilia la Moscow Art Theatre mwaka 1898. Mimi ni nani kwa huyu? Tuko wapi, saa ngapi, kuna joto au baridi? Nimetoka wapi sekunde hii? Nataka nini kutoka kwake? Nini kinanizuia? Nitamfanya nini ili nipate? Wanafunzi hujibu matano ya kwanza kwa kurasa nzima za historia ya mhusika, utoto wake, chakula anachopenda, na la mwisho wanaliacha wazi. Onyesho linabebwa na hilo la mwisho.

Lengo linapaswa kuwa juu ya mtu aliye mbele yako, na liwe na mwisho unaoonekana. "Nataka kuwa na furaha" halichezeki. "Nataka anitazame usoni na kukiri kwamba alizichukua" linachezeka, kwa sababu wakati wowote unaweza kujua kama umelipata. Kisha kila sentensi ipewe kitendo unachomfanyia: kumbembeleza, kumsuta, kumpima, kumtuliza, kumfukuza, kumtega. "Kuhuzunika" hakumo kwenye orodha, kwa kuwa huwezi kumhuzunika mtu. "Kumpenda" na "kumchukia" pia viache, ingawa vina mtu ndani yake. Hakuna kitu mwenzako anachokuona ukifanya. Kipimo chetu ni sekunde kumi: baada ya muda huo, uso wa mwenzako unaweza kukuambia kama kitendo kimefanikiwa? Kama hauwezi, badilisha kitenzi.

Chukua "Kaa basi" ya hapo juu. Ukiwa unamtuliza, sauti inashuka na pengine mkono unaelekea kwenye kiti. Ukiwa unamtega, unaongea taratibu na macho hayamtoki. Hakuna aliyepanga mkono wala macho. Vimekuja na kitendo. Halafu anajibu "Sikai", na kumtuliza kumeshindikana. Hapo lazima ubadili mbinu. Makosa ya kawaida kabisa ya hatua hii ni kuandika vitenzi vizuri kwenye skripti nyumbani, kisha kuvifuata kwa mpangilio ule ule darasani hata mwenzako akikupa kitu kingine. Vitenzi vya nyumbani ni vya kuanzia. Andika kwa penseli.

Machozi

Hapa ndipo kozi mbaya zinapoweza kumuumiza mtu. Stanislavski alijaribu kwa miaka kadhaa kumfanya mwigizaji aamshe hisia kwa kukumbuka tukio la maisha yake. Baadaye mkazo wake ulihamia kwenye hali za mhusika na vitendo vya mwili. Mwigizaji Stella Adler alifanya kazi naye Paris mwaka 1934, akarudi New York akiyapinga matumizi ya kumbukumbu binafsi yaliyokuwa yakisisitizwa na mwongozaji Lee Strasberg katika Group Theatre, kundi la tamthilia lililoanzishwa mwaka 1931. Mabishano hayo hayajaisha, na kuna waigizaji wakubwa waliofunzwa kwa njia ya Strasberg. Kwa anayeanza, lakini, msimamo wetu ni mmoja: mwalimu wa jioni asikuambie ukumbuke msiba wako mbele ya watu usiowajua.

Sababu ya kwanza ni ya kiafya. Chumba hakina mtu aliyesomea kukutuliza utakapofunguka, na saa tatu usiku kipindi kinaisha. Ya pili ni ya kiufundi. Mwanafunzi anayechimba kumbukumbu ameacha kumwona mwenzake; anatokwa na machozi ya jambo lingine huku mwenzake akiongea na ukuta. Watazamaji wanaguswa na mtu anayejizuia asilie kwa sababu bado anataka kitu, na hilo linatoka kwenye lengo na kizuizi. Mwalimu akikushinikiza, una haki ya kusema hapana bila kutoa maelezo. Kozi inayoita hapana hiyo "kujifunga" iache.

Hali kadhalika mguso. Kabla ya onyesho lolote lenye kushikana, kusukumana au kubusiana, jozi ikubaliane kwa maneno ni wapi paguswe na wapi pasiguswe, na kuwe na neno moja la kusimamisha kila kitu. Kofi la jukwaani halimgusi mtu: umbali unapimwa, pembe ya watazamaji inapangwa, na mlio unapigwa kwa viganja. Mwalimu anayesema "mpige kweli ili upate hisia" hajui kazi.

Kukariri

Somo hili hupewa dakika chache na lingestahili kipindi kizima. Makosa yanafanyika nyumbani: mtu anakariri kwa sauti, kwa mapigo yaleyale, mpaka maneno yanashikana na wimbo mmoja. Darasani mwenzake akisema sentensi yake kwa namna mpya, wimbo haubadiliki. Kariri bila rangi, sauti bapa, bila kuigiza. Soma sentensi ya mwenzako, funika yako, iseme. Vipindi viwili vya dakika 20, kimoja asubuhi na kingine kabla ya kulala, vinashinda kimoja cha dakika 40, na usingizi kati yake unayashikisha maneno. Ukishadhani umeyajua, yaseme haraka ukikunja nguo au ukiosha vyombo. Sentensi itakayopotea mikono ikiwa kazini itapotea pia utakaposimama mbele ya watu. Na kila mara kariri sentensi inayokutangulia, maana usipoijua utakuwa unasubiri kimya cha mwenzako badala ya kusikia anachosema.

Kamera

Kozi nyingi huweka kipindi kimoja au viwili vya kamera mwishoni. Vinatosha kujua kujirekodi kwa ajili ya usaili. Simu ilalie ubavu, lenzi usawa wa macho, fremu kutoka kifuani hadi juu kidogo ya kichwa, mwanga mbele yako, ukuta mtupu nyuma. Simu ikiwa karibu sana lenzi yake pana inavuta pua na kuzamisha mashavu. Iweke kama mita moja na nusu. Anayekusomea akae karibu kabisa na lenzi, aongee chini kuliko wewe kwa kuwa kipaza sauti kiko kwake. Kioo cha simu kigeuzwe au kifunikwe, la sivyo macho yako yatachungulia uso wako mwenyewe. Kinachosumbua waliozoea ukumbi ni ukubwa: wanaambiwa "punguza" na wanazima kila kitu. Usipunguze unachokitaka, punguza umbali wa yule unayemwambia.

Maonyesho ya mwisho

Tangazo hulitaja kama zawadi. Kwetu ni gharama. Kozi ya wiki kumi inayomalizia kwa maonyesho mbele ya ndugu na marafiki hutumia wiki mbili au tatu za mwisho kupanga nani aingie wapi na taa ziwake lini. Mwalimu anaacha kufundisha, anaongoza. Anayeanza naye, akijua watu wake watakuja, anarudi kwenye kupendeza. Tunapendelea kipindi cha mwisho cha mlango uliofungwa, wanafunzi wenyewe wakiwa hadhira, au kualika watu wachache wakae pembeni watazame kazi ilivyo. Kama lengo lako lilikuwa kushinda hofu ya hadhira, hapo tuseme maonyesho yana thamani yake, na uyachague ukijua ulichokitoa.

Mbadala

Masomo ya video yaliyorekodiwa na waigizaji mashuhuri yanapendeza kuyatazama na yanafundisha kidogo. Ukimsikia bingwa akieleza anavyosoma skripti unapata hamu, pengine na mawazo mawili matatu ya kudumu. Hutapata mtu wa kukuambia kwamba unakaza taya. Sehemu pekee ambayo video inashindana na darasa ni sauti, kwa sababu zoezi la pumzi unaweza kulifuata peke yako. National Theatre ya London imeweka YouTube, bila malipo, video fupi za kupasha sauti. Anza na hizo kabla ya kununua chochote. Nyota mbili na nusu kwa video za kulipia kama kozi kamili, nne kama nyongeza.

Darasa la moja kwa moja kwa intaneti linafaa kuchambua skripti na kujirekodi. Kwa kurudiarudia halifai. Sauti inachelewa kidogo, watu wawili wanagongana au wanasubiriana, na macho hayakutani: ukitazama uso wa mwenzako kwenye kioo, yeye anakuona unatazama chini, ukitazama kamera, humwoni. Zoezi lote limejengwa juu ya kile ambacho njia hii inakunyima.

Mwalimu binafsi ni ghali kwa saa, na kwa mtu mwenye usaili wiki ijayo anastahili kila senti. Kwa anayeanza ana pengo moja kubwa: hakuna mwenzako. Mwalimu anasoma sehemu ya pili huku akikutathmini, na mtu hawezi kukupa usikivu kamili akiandika makosa yako. Mfuate baada ya kozi.

Madarasa ya uigizaji wa papo kwa hapo, yaliyokulia kwenye michezo ya mwalimu Viola Spolin mjini Chicago, yanavunja woga haraka kuliko chochote tunachokijua. Hayafundishi maandishi. Mwenye aibu nzito aanze huko wiki sita, kisha aje kwenye kozi hii.

Kabla ya kulipa

Uliza idadi ya juu kabisa ya wanafunzi, na kama inaandikwa kwenye risiti au masharti. Uliza kama mwalimu unayemwona kwenye picha ndiye atakayefundisha vipindi vyote kumi. Uliza wiki ya ngapi utakabidhiwa maandishi. Uliza kinachofanyika mwenzako asipokuja, maana katika kozi za jioni watu hukosa, na shule isiyo na mpango itakukalisha kipindi kizima. Jibu zuri ni kwamba jozi hubadilishwa kila wiki hadi wiki ya sita, au kwamba mwalimu ana msaidizi anayejua maneno. Kuhusu cheti, usiulize, wasaili hawakiangalii. Shule ikikuahidi nafasi kwenye filamu au wakala baada ya wiki kumi, ondoka.

Vaa nguo unayoweza kulala nayo chini, njoo na penseli na daftari, na utenge dakika 20 kila siku: saba za pumzi, tatu za mvumo na kuhesabu, kumi za kukariri. Asiyetenga hizo atakuwa anaanza upya kila wiki na kozi itamwonekea fupi. Na katika wiki ya nane, kabla watu hawajatawanyika, tafuta mwanafunzi mmoja unayemwamini mkubaliane saa moja kwa wiki baada ya kozi: dakika kumi za kurudiarudia, ukurasa mmoja wa skripti, simu ikirekodi kutoka pembeni, kisha mtazame pamoja mkijiuliza swali moja tu, ni wapi uliacha kumwona mwenzako.